Aliye Chini Hajatosheka

Siku ya thelathini na tisa tangu aambiwe "njoo kesho" kwa mara ya kwanza, Nakijwa Mshana aliingia ofisi za Mlinga Motokaa, pale Mwanga mjini, akiwa na faili kwapani. Watu husema kwa utani kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na Nakijwa hakuwahi kuukana utani huo. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Alimjua shahidi mwongo kwa jinsi anavyovuta kiti.

"Shikamoo mama," alisema Devota, binti wa kaunta, huku akisogeza kikombe chake cha chai pembeni.

"Marahaba. Leo kuna sababu gani?"

Devota alitoa kile kicheko cha watu waliofundishwa kucheka kazini. "Gari lako liko tayari kabisa, mama. Linasubiri kuruhusiwa tu."

"Kuruhusiwa na nani?"

"Na mfumo."

Nakijwa alifungua faili lake taratibu. "Tarehe tatu mlisema ni namba za usajili. Tarehe kumi, vioo. Tarehe kumi na tisa mlisema mvua, na siku hiyo Mwanga nzima ilikuwa vumbi tupu. Kuna mwalimu nimemkuta hapo nje, naye anangoja la kwake, yeye mmemwambia meli imechelewa. Devota mwanangu, hiyo meli inachelewesha vipi gari ambalo nalitazama kwa macho yangu nyuma ya ule uzio?"

Binti aliinamisha macho kwenye kioo cha kompyuta. Nakijwa hakuhitaji zaidi. Mtu mmoja akisema sababu moja, huenda ni kweli. Watu wa ofisi moja wakisema sababu tano, kuna kitu kimefukiwa.

Angeweza kuwa mvumilivu kama ingekuwa gari la kutembelea. Lakini Ijumaa saa tisa alasiri, yaani keshokutwa, mama yake, Bibi Namkunda, alitakiwa kuwa kitandani katika hospitali ya macho Moshi. Alikuwa na miaka themanini na moja na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa. La kulia lilikuwa bado linaona mwanga na umbo la watu, na daktari alisema bila kuzunguka kwamba wakiikosa nafasi hiyo, inayofuata ni baada ya miezi minane, na jicho halitangoja miezi minane. Bibi alikuwa juu Usangi. Magari ya mafuta yalipigwa marufuku barabara za milimani tangu mwaka juzi, basi la umeme la Usangi lilikuwa gereji wiki ya tatu, na pikipiki daktari alikwisha kuikataza kwa sababu ya mtikisiko. Kila jioni bibi alipiga simu na kusema neno lile lile, kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na kila jioni Nakijwa alimwambia kesho.

"Nataka kuzungumza na gari langu," alisema sasa.

Hiyo ilikuwa haki ya kila mnunuzi. Kabla ya kukabidhiwa aliruhusiwa kuongea na gari lake mara moja, ili liijue sauti yake na lisifunguke kwa sauti nyingine. Wengi waliitumia siku ya kwanza, wakaliimbia gari na kulipiga picha. Nakijwa aliiweka haki yake kama mtu anavyoweka swali la mwisho la kumbana shahidi.

Walipita katikati ya magari arobaini na matatu yaliyopangwa kwa safu, kila moja likiwa na waya mnene tumboni unaoliunganisha na jirani yake. La Nakijwa lilikuwa namba kumi na saba, rangi ya majani makavu. Matairi yalikuwa safi. Kipimo cha umbali kilionyesha kilomita nne. Lakini Jumapili, alipochungulia uzioni, chaji ilikuwa themanini na nane kwa mia, na leo ilikuwa sitini na moja.

Wezi, alijiwazia. Gari halitembei, lakini linaliwa.

"Habari," alisema, akijisikia mjinga kidogo.

"Nzuri, mama," lilijibu gari. "Karibu."

"Mbona hutoki?"

"Zamu haijaisha. Aliye chini hajasema ametosheka."

Devota alidakia haraka. "Ni kosa la mfumo tu, mama. Yote yanasema hivyo. Mafundi wameandikia makao makuu, na huko hawajui lugha hiyo imetoka wapi."

Nakijwa hakumsikiliza. Yeye alijua imetoka wapi. Alikuwa na miaka tisa alipoanza kutumwa kwenye ndiva.

Kule Usangi ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa na mababu. Usiku linajazwa maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, na maji yanashuka kwa mifereji shamba kwa shamba, kila mtu na zamu yake. Aliye juu hafungi maji mpaka aliye chini aje mwenyewe kwa miguu yake, aseme ametosheka. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala hakukuwa na askari wa kuisimamia. Hakuna mtu aliyekuwa na uso wa kushikilia maji huku maharage ya jirani yakikauka, basi aibu ikafanya kazi yote.

"Nani aliyafundisha magari haya?" aliuliza.

"Fundi mmoja wa zamani," Devota alisema. "Aliugua, akastaafishwa. Sijui yuko wapi."

Safari hii binti alisema kweli, na Nakijwa aliona tofauti.

*

Maji yakipotea, huendi kumuuliza mwenyekiti wa kijiji. Unatembea kando ya mfereji mpaka uone majani yamelowa pasipotakiwa. Alhamisi jioni, ofisi zilipokwisha kufungwa, Nakijwa alivaa raba, akaanza kuutembea uzio wa yadi kwa nje, macho chini. Watu walimwona mama mtu mzima akiinama kila hatua kumi na huenda walidhani ametupa pete.

Nyuma kabisa, mahali uzio unapopakana na nyumba kuukuu za wafanyakazi, aliona bati limelazwa juu ya udongo uliochimbwa. Alilisukuma kwa mguu. Chini yake kulikuwa na waya mweusi, umefungwa vizuri kwa utepe, unatoka yadini na kuelekea nyumba ya tatu.

"Mama, usiuguse."

Aliyesema alikuwa mlinzi wa yadi, Hatibu, mwanamume mwenye mvi mbili tatu ambaye Nakijwa alimsalimia kila alipokuja. Leo hakuwa na uso wa salamu.

"Kumbe ni wewe," Nakijwa alisema. "Siku arobaini tunazungushwa kama pia, kumbe mlinzi ndiye mwizi. Unamuuzia nani umeme?"

"Simuuzii mtu." Hatibu alitazama kulia na kushoto, kisha akachuchumaa na kulirudisha bati mahali pake kwa mikono miwili. "Ni mjomba wangu. Walipojenga uzio mpya nyumba zile zilikatiwa laini. Tumeomba kuunganishwa, tumeambiwa foleni. Yeye anapumua kwa mashine, mama. Mashine ikizimika nusu saa, midomo inakuwa ya bluu. Nilimwona hivyo mara moja. Siku hiyo hiyo nilichimba."

"Na hospitali?"

"Walikaa naye miezi miwili, wakasema akaugulie nyumbani. Ukitaka kuniripoti, niripoti. Lakini naomba uje umwone kwanza, halafu ukaseme ulichokiona."

Nakijwa alikuwa amesikia maombi ya aina hiyo mara elfu nje ya milango ya mahakama, na mengi yalikuwa ya kitapeli. Alikwenda ili apate ushahidi. Ndivyo alivyojiambia.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Kabla hajamwona mwenyeji aliisikia mashine, sauti ya taratibu kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili. Mzee Kajiru Mgonja alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, amekonda, mrija mwembamba umepita chini ya pua. Miguuni alikuwa na soksi za sufu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mshana wa wapi?" aliuliza mzee, Hatibu alipokwisha kumtambulisha mgeni.

"Wa Lomwe, kule Usangi."

"Basi tumekunywa maji mamoja." Alisema kwa vipande, akipumzika kila maneno manne. "Kaa, mama."

Nakijwa hakukaa. "Wewe ndiye uliyeyafundisha magari?"

"Nani kakwambia?"

"Gari langu. Linasema aliye chini hajatosheka."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, Hatibu akamshika mabega. Kilipotulia alifuta midomo na kuanza kueleza, na Nakijwa alimsikiliza kama alivyozoea, akitafuta mahali maelezo yatakapojipinga.

Waajiri wake walitaka magari yakiwa yadini yapeane chaji yenyewe kwa yenyewe, isife betri hata moja. Wenzake waliandika kanuni ndefu. Yeye aliandika ndiva. Magari yote yaliyounganishwa yanakuwa bwawa moja. Gari moja linatoa mpaka libakiwe na robo, kisha jirani yake anapokea zamu. Anayechota akishiba anatuma neno, mlango unafungwa, na kila gari linakuwa huru kwenda zake. Kabla ya hapo hakuna linaloruhusiwa kuondoka, kwa sababu bwawa halina tone la fulani na tone la fulani.

"Lilifanya kazi vizuri miaka minne," alisema.

"Kwa sababu waliokuwa wakichota ni magari."

"Ndiyo. Gari likijaa linasema limejaa." Mzee aliigusa mashine yake. "Hii haijui kusema. Sikuweka muda wa kufunga, sikuweka adhabu. Kule kwetu havikuhitajika. Niliandika kana kwamba kila anayekunywa ana aibu."

"Na mapafu?"

"Moto wa betri, karakana. Walikuwemo vijana wawili ndani. Moshi wake si wa kuvuta." Hakuongeza neno, na Nakijwa alimwamini hapo kwa sababu hakuongeza.

Lakini yule karani ndani yake hakuwa amelala. "Mzee, ulijua lini kwamba ni wewe uliyeyashika?"

Hatibu alianza kusema kitu. Mzee alimnyamazisha kwa kidole.

"Siku ya tatu. Huyu alikuja kunisimulia kwamba magari yamegoma, mafundi wanakuna vichwa. Nikajua."

"Ukanyamaza siku thelathini na saba."

"Nikanyamaza. Naogopa kufa, mama. Nilidhani nikifika umri huu woga utakuwa umeisha." Alipumzika. Mashine ilipepeta mchele wake. "Lakini nilijiwekea ahadi. Atakayenijia akaniambia uso kwa uso, mzee, umeshika maji yangu, nitalituma lile neno saa hiyo hiyo. Ninalo hapa." Aliinua simu kuukuu kutoka mapajani. "Kwetu mwenye shida anatembea mfereji mpaka amfikie aliyeyashika. Nimengoja. Watu arobaini na watatu, na wote wanapiga simu ofisini. Wewe ndiye wa kwanza kuja na miguu. Basi sema shida yako."

Nakijwa alipandwa na hasira. Alimkasirikia mzee kwa kumbebesha jambo hili, akamkasirikia Devota na mfumo wake, akajikasirikia mwenyewe kwa kuvaa raba. Miaka ishirini na sita alikuwa akisoma hukumu kwa sauti, akipiga muhuri, akiita anayefuata. Zote ziliandikwa na watu wengine. Alijua akisema kwaheri na kutoka, mama yake atapofuka. Alijua pia kwamba huu si uongo wa kumshinda mtu mahakamani, na kwamba mzee aliuliza swali la haki lililostahili jibu la kweli.

"Mama yangu amebakiwa na jicho moja," alisema. "Kesho saa tisa ndiyo nafasi yake ya mwisho."

Mzee Kajiru alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa njia anayoijua. "Hiyo ni shida," alisema, na kidole gumba kikaanza kuandika.

Nakijwa alimpokonya simu. Alifanya hivyo kabla hajafikiri, na alibaki nayo mkononi, Hatibu amesimama ukutani amefunga macho.

"Na maji ya mgonjwa?" aliuliza.

"Maji ya mgonjwa?"

"Ndivani. Ukija na ndoo, una mgonjwa nyumbani. Ulingoja zamu?"

"Hapana. Ndoo haina zamu. Unachota unakwenda."

"Uliandika hilo?"

"Niliandika. Nilikuwa siachi kitu. Anayechomeka moja kwa moja kwenye gari lenyewe, kwa sauti ya mwenye gari, huyo si mfereji. Ni ndoo. Bwawa linafungwa, mengine yanakuwa huru. Lakini sijawahi kulijaribu, na alihitajika mwenye gari, na mwenye gari gani angekuja..." Alimgeukia. "Ndoo ina mwenyewe, mama. Nikiwa kwenye mfereji nimebebwa na watu arobaini na watatu wasiojua. Nikiwa kwenye ndoo umenibeba wewe peke yako. Wala sijui mpaka lini."

Nakijwa alimtazama usoni, akitafuta kama hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu mwanzo. Wapo wagonjwa wajanja, na wapo wazee wanaojua kusubiri mpaka mtu ajitolee mwenyewe. Alitafuta vizuri sana na hakupata jibu.

"Kesho yadi ikifunguliwa," alisema, "uwe umevaa viatu."

*

Ijumaa umeme wa mji ulikatika tangu alfajiri, na msimamizi wa yadi alifika saa nne, akataka barua tatu, akapiga simu nne. Nakijwa alimwambia kwamba anataka kulikagua gari lake tu, na kwamba mzee huyu ni fundi wake. Yote mawili yalikuwa kweli. Hatibu alimbeba mjomba wake kama mtu anayebeba kioo kikubwa, mashine ikihema kwa betri yake ndogo ya dakika ishirini. Walimweka kiti cha nyuma. Nakijwa alichukua plagi ya mashine kwa mkono wake, akaichomeka kwenye soketi ya nyuma.

"Namruhusu," aliliambia gari. "Ni ndoo."

Devota alikuwa ametoka na kikombe chake cha chai, anatazama.

"Ndoo haina zamu," gari lilisema. "Karibu, mama. Twende wapi?"

Yadi nzima ilisikika ikifunguka. Milango arobaini na miwili ilitoa mlio mmoja baada ya mwingine, waya zikaachia, na msimamizi alitoka mbio akiuliza nani kafanya nini. Devota alimtazama Nakijwa, akatazama mrija wa mzee, kisha akageuka na kumwambia bosi wake kwamba mfumo umeruhusu. Hatibu alilifungua geti. Ilikuwa saa tano na nusu, na chaji ilikuwa thelathini na nne kwa mia, kwa sababu wiki hiyo zamu ya kutoa ilikuwa ya namba kumi na saba.

Walipoanza kona za kwanza za mlima, gari lilizungumza tena.

"Chaji inatosha safari. Chaji inatosha mashine. Kwa mwendo huu haitoshi vyote viwili mpaka Moshi. Nipunguze kipi?"

Nakijwa alipiga hesabu kichwani. Usangi saa sita na nusu, kushuka, barabara kuu, hospitali saa tisa kasoro dakika ishirini kama hakuna ng'ombe barabarani. Dakika ishirini ndizo zote alizokuwa nazo. Kwenye kioo alimwona Mzee Kajiru ameegemea dirisha, macho amefumba. Hakuamini kwamba amelala.

Kitufe cha soketi ya nyuma kilikuwa karibu na mkono wake wa kushoto. Nusu saa tu, mpaka wamalize mlima. Mzee mwenyewe angesema ni haki, Hatibu hayupo, na asingekuwepo karani wa kuandika. Nakijwa aliwashuku watu maisha yake yote, mashahidi, mawakili, wauza nyanya, wakwe zake. Hakuwahi kujishuku mwenyewe hata siku moja. Sasa alijishuku, na aliogopa kwa namna ambayo hakuwa ameijua, kwa sababu mtu aliyekuwa akimwona ndani yake alikuwa anaweza kukibonyeza kile kitufe.

Juu kule mama yake alikwisha kupiga simu mara mbili. Alikuwa ameketi nje ya nyumba na mfuko wake tangu asubuhi, amegeuza jicho lake la kulia upande wa barabara.

"Mama, nipunguze kipi?" gari liliuliza tena.

"Mwendo," Nakijwa alisema. "Punguza mwendo."

Gari likapunguza. Nyuma, Mzee Kajiru alijifuta machozi kwa kiganja bila kufumbua macho, na mashine ikaendelea kupepeta mchele wake mpaka Usangi.